GeoGebra kwa kutafuta kimo cha juu kabisa: inafaa, ila chunga alama ya digrii

GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter, humaliza swali la kitu kilichorushwa kwa mistari miwili. Tuseme mpira umerushwa kutoka mita 1.6 juu ya ardhi, kasi mita 20 kwa sekunde, pembe digrii 60. Andika:

h(t) = 1.6 + 20 sin(60°) t - 4.9 t^2

Mstari wa pili andika Extremum(h). Unapata nukta (1.77, 16.91): mpira unafika kileleni baada ya sekunde 1.77, ukiwa mita 16.91 kutoka ardhini. Grafu ikionekana imekatwa juu, vuta skrini mpaka kilele kitokee.

Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni ile alama ya digrii. Ukiiacha, 60 inasomwa kama radiani (kipimo kingine cha pembe), sin inakuwa -0.30, na kilele kinahamia (-0.62, 3.50). Muda hasi ukitokea, kagua pembe kwanza. Kosa la pili ni kuandika 9.8 nzima (g, yaani mchapuko wa graviti) badala ya nusu yake; hapo kimo kinaanguka hadi mita 9.25, na kwa kuwa jibu hilo linaonekana la kawaida, hupita bila kushtukiwa. Swali likisema g ni 10, weka 5, kimo kiwe 16.6.

Udhaifu wake mkubwa kwa mwanafunzi: haionyeshi njia. Chumba cha mtihani hakina simu, kwa hiyo fanya kwanza kwa mkono, t = -b/2a (a ni -4.9, b ni 20 sin(60°) = 17.32), yaani 17.32 ÷ 9.8, rudisha t kwenye mlinganyo, ndipo ufungue programu kuhakiki.

Jambo jingine ambalo walimu walisisitize: parabola hiyo ni ya kimo dhidi ya muda. Mhimili wa chini ni sekunde, si mita, hivyo umbo lake si njia ya mpira. Njia yenyewe ichore hivi:

Curve(20 cos(60°) t, 1.6 + 20 sin(60°) t - 4.9 t^2, t, 0, 3.62)

Sasa kilele kinakaa mita 17.67 mbele ya mrushaji, na mpira unatua karibu mita 36. Kimo ni kilekile, 16.91. Ukibadilisha 20 kuwa herufi v na kuipa kitelezi (kitufe cha kuburuta kubadilisha thamani), utaona kasi ikiongezeka maradufu, sehemu ya kimo iliyo juu ya ile mita 1.6 inaongezeka mara nne. Kwa somo hilo pekee, programu hii inastahili nafasi kwenye simu ya kila mwanafunzi wa sekondari.