Mont Ventoux: angalia upepo kwanza, kisha chagua barabara

Mlima huu wa kusini mwa Ufaransa una mita zipatazo 1,910, na umesimama peke yake, hauna mwenzake wa kuukinga. Mistral, upepo mkali wa kaskazini, ikivuma, kileleni hakukaliki. Julai 2016 hata mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalilazimika kumalizia Chalet Reynard, mkahawa wa kando ya barabara kilomita 6 chini ya kilele, kwa sababu ya upepo. Basi soma utabiri wa kileleni. Wa kijijini utakudanganya.

Kwa baiskeli, yenye jina ni barabara inayoanzia kijiji cha Bédoin: kilomita 21 hivi, kupanda karibu mita 1,600. Wengi huishiwa nguvu hapa kwa sababu ileile. Kilomita 5 za mwanzo ni nyepesi, wanazikimbiza. Wakipita kona ya Saint-Estève, barabara inaingia msituni na kupanda kwa asilimia 9 hadi 10, kilomita baada ya kilomita, bila pa kuvutia pumzi. Giya ndogo ya meno 34 mbele na 34 nyuma si aibu, ni akili. Barabara ya kijiji cha Malaucène ni ngumu karibu sawa. Anayepanda mara ya kwanza aanzie kijiji cha Sault: kilomita 26, lakini mwinuko ni wa upole mpaka Chalet Reynard, ambako inaungana na ile ya Bédoin.

Weupe unaouona juu si theluji, ni mawe ya chokaa; miti ilikatwa karne nyingi kujengea meli. Kivuli hakuna kabisa. Kabla ya kilele kuna mnara wa kumbukumbu ya Tom Simpson, mwendesha baiskeli Mwingereza aliyefia hapo kwenye Tour de France tarehe 13 Julai 1967 kwenye joto kali, mwilini akiwa na amfetamini na pombe. Beba chupa mbili za maji na uanze alfajiri.

Waendao kwa miguu tunawashauri waanzie Mont Serein, kituo cha kuteleza kwenye theluji upande wa kaskazini: mita 500 hivi za kupanda hadi kileleni, njia tulivu kuliko kilele chenyewe, ambacho kiangazi hujaa magari. Mawe ya njia hii hubiringika chini ya mguu, hivyo vaa buti zenye soli ngumu.

Kushuka kunataka koti la upepo, maana juu kunaweza kuwa na baridi kwa nyuzi 10 zaidi. Breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, usizishikilie mfululizo: rimu hupata moto, mpira ukapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia. Majira ya baridi barabara ya juu hufungwa.