Programu ya kutafsiri ya simuni: sokoni Mtwara inasaidia, kwenye mapenzi inaponza

Kijana wa miaka 16 aliyevuka mto Ruvuma pale Kilambo akitokea Msumbiji, Kireno cha shule kichwani na Kimakonde cha nyumbani, akifika Mtwara mjini hukimbilia programu ya bure ya kutafsiri. Kwa bei ya nyanya na fomu ya shule inamtosha, hasa akipakua lugha zote mbili mapema ili itumike bila bando. Mambo yanaharibika siku anapotaka kumwandikia binti.

Kireno kina ngazi. "Gosto de ti" ni kuvutiwa na mtu, "amo-te" ndiyo mapenzi yenyewe. Programu inazisomba zote kwenye "nakupenda". Kijana alitaka kusema tu kwamba anamfurahia, kumbe keshatoa neno zito kuliko yote, na binti anakaa kimya. "Nafurahi nikiongea na wewe" linatosha kwa kuanzia, tena lina heshima.

Kinachouma zaidi ni majibu. Binti anaandika, "Nilikuwa sokoni na rafiki yangu." Kiswahili hakisemi rafiki ni wa kike au wa kiume, Kireno lazima kiseme, kwa hiyo programu inakisia: "amigo", mwanamume. Wivu unaanzia hapo, wakati msichana wa watu alikuwa na shoga yake wananunua mihogo. Kabla ya kununa, uliza: "Rafiki gani?"

Miadi nayo. "Às quatro", yaani saa kumi jioni yetu, inatoka "saa nne", na saa nne ya Mtwara ni asubuhi. Mmoja yuko ufukweni Shangani jioni, mwenzake alishakasirika tangu asubuhi. Isitoshe Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyobaki na majira ya huko inamchelewesha hata anayejua kuhesabu. Rekebisha majira kwenye mipangilio, kisha andika "saa kumi jioni" kwa maneno.

Ujumbe wa mkato, kama "xaxa uko wp", programu haiuwezi. Msomaji wa Kireno naye huitamka x kama sh, akapata "shasha". Iandike upya kamili, "sasa uko wapi", ndipo uitafsiri.

Salamu ndiyo hatari ndogo yenye gharama kubwa. "Boa tarde" inaleta "habari za mchana". Mpe mama wa binti hiyo na umeshaonekana huna adabu. Yeye ni "shikamoo, mama". Binti wa rika lako ni "mambo", usimwamkie.

Tunaipa alama 8 kwa 10 kwa dukani na shuleni, 4 kwa mapenzi. Ukilazimika kuitumia, andika sentensi moja fupi, itafsiri, kisha rudisha tafsiri hiyo kwenye Kireno. Ikirudi tofauti na ulichokusudia, usitume.