Mafunzo ya wachumba Kampala: mazuri, ila fedha hupitiwa juu juu

Mafunzo ya ndoa makanisani Kampala yanawafaa sana wachumba, hasa zoezi la kusikilizana: mmoja anaeleza jambo moja linalomkera, mwenzake analirudia kwa maneno yake kabla ya kujibu. Wengi hukwama hapo kwa sababu hukimbilia kujitetea. Kupima VVU na selimundu pamoja pia ni muhimu mno.

Udhaifu uko kwenye fedha. Bajeti ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi) na harusi huchambuliwa vizuri, lakini madeni mara nyingi huguswa tu. Ombeni kikao cha ziada. Kila mmoja aje na orodha ya anachodaiwa: mkopo wa bodaboda, wa sako (chama cha kuweka na kukopa), hata mkopo wa simu. Kisha mkubaliane kiasi cha kuwatumia wazazi wa pande zote mbili kila mwezi.