Njia Nyeupe na M87: galaksi mbili, tabia mbili

Njia Nyeupe, galaksi yetu, ni bapa, ina mikono iliyojipinda na upana wa miaka nuru takriban 100,000. Mikono hiyo imejaa vumbi na gesi baridi ya hidrojeni. Gesi ikijikusanya kwa mvutano wake yenyewe, nyota huzaliwa, zikiwemo zile kubwa za buluu.

M87, katika kundinyota la Mashuke, ni duaradufu, na nyota zake nyingi ni kongwe, za rangi ya manjano na nyekundu. Wengi hudhani gesi yake imekwisha. Hapana! Ipo tele, ila ina joto la mamilioni ya digrii, hivyo haijikusanyi kuwa nyota.

Shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki) lililo katikati ya M87 lina masi ya majua bilioni 6.5; la galaksi yetu, milioni 4.