Kesi (kasha) ya kompyuta yenye feni nne za taa: naipa nyota mbili

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000. Ina kioo ubavuni na feni nne za taa za rangi, na kwa macho, kwa bei ile, sikuona ya kushindana nayo. Nikaunga kompyuta yangu mpaka saa sita usiku, nikachomeka umeme, nikabonyeza kitufe. Kimya. Hata feni kutikisika, wapi.

Nilianza na yale ya aibu. Soketi ina umeme. Swichi ya nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, iko upande wa kijistari (imewashwa), si wa duara. Plagi pana ya pini 24 imezama hadi klipu yake ikalia, na ile ya pini 8 ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ipo. Kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, kulikuwa na kitaa kimoja kinawaka, nami nikakipuuza. Hapo ndipo nilipopotea. Pawasaplai hutoa volti 5 muda wote hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kitaa kile hupata umeme hapo. Kilikuwa kinaniambia umeme umefika mlangoni. Mimi nikang'oa pawasaplai, nikapanda nayo daladala mpaka dukani.

Kijana wa dukani hakubishana. Ili kuiwasha bila madabodi, alichukua kipande cha waya, akaunganisha kwacho tundu la waya wa kijani na la waya mweusi wa jirani yake kwenye ile plagi pana, akawasha swichi ya nyuma. Feni ya pawasaplai ikazunguka. "Hii nzima, bro." Jumamosi yangu ikaishia hapo, na nauli juu.

Nyumbani nikairudisha, nikachomoa waya wa kitufe kwenye madabodi, nikazigusanisha zile pini mbili za PWR (za kuwashia) kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Sebule ikawaka kama ukumbi wa harusi. Kumbe mgonjwa ni kitufe cha kesi! Nikaweka mita ya umeme kwenye mlio, hulia nyaya mbili zikigusana: nikibonyeza cha kuwashia, kimya, nikibonyeza kile kidogo cha RESET (cha kuwashia upya), inalia. Vyote viwili kazi yao ni hiyo hiyo, kugusanisha nyaya mbili kwa kitambo, kwa hiyo nikachukua waya ulioandikwa RESET nikauchomeka kwenye pini za PWR.

Muuzaji wa kesi nilipompigia hakuwa na neno baya: "Lete bosi, tukubadilishie." Lakini kubadilisha kesi ni kung'oa kila kitu, skrubu tisa za madabodi peke yake, kisha kuzifunga tena moja moja. Nimekataa. Ukiitaka kesi hii, mwambie apime kitufe kwa mita mbele yako kabla hujatoa hela.

Mimi sasa nawashia kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kwa ukucha. Kile kikubwa cha mbele wageni wanakibonyeza weee, kisha wananitazama. Nyota zote mbili ni za feni.