Majirani wa Siklidi Wanaotaga: Nani wa Kununua, Nani wa Kumwacha Dukani

Jozi ya siklidi ikianza kusugua jiwe kwa midomo, mfugaji mgeni hukimbilia dukani kutafuta "samaki wa kuchangamsha tanki." Anarudi na mfuko wa warembo, na baada ya wiki moja nusu yao hawana mikia. Siklidi ni ukoo mmoja na sato, perege na furu, na wakishakuwa na mayai hawana mzaha.

Swali langu la kwanza kwa muuzaji siku hizi ni hili: huyu samaki anakula saa ngapi? Siklidi wanaotaga juu ya jiwe au pangoni hulinda mayai kwa macho. Mchana hakuna wa kusogea. Ukizima taa, mlinzi amebaki kipofu, lakini kambare anayetafuta chakula kwa sharubu hahitaji taa ya mtu. Kigezo hicho ndicho kimepanga orodha hii, na hadhi ya rangi nimeiweka nyuma kabisa.

Wa kwanza: danio wakubwa (Devario aequipinnatus)

Hufika kama sentimita 10, wana mbio, hushinda juu ya maji na usiku hutulia. Siklidi akiona wenzake wanazurura waziwazi kule juu, anaelewa hakuna hatari, anatoka mafichoni. Faida kubwa zaidi ni kwamba jozi inapata adui wa pamoja. Isipompata, dume mara nyingi humgeukia mkewe. Nilikuwa na jozi ya siklidi wa milia, Amatitlania nigrofasciata, jike kajibanza nyuma ya hita, mapezi yamechanika nyuzi nyuzi, dume anapita mbele yake kama askari jela. Niliingiza danio sita. Siku ya tatu mume na mke walikuwa bega kwa bega wakiwafukuza wageni, na jike hakurudi tena nyuma ya hita.

Nunua sita au zaidi, maana wakiwa wawili kipigo chote kitawaishia wao. Funika tanki vizuri, wanaruka. Na usijidanganye: kifaranga akipanda juu, danio anamla. Ukitaka kuokoa vifaranga wengi, wavute baadhi yao kwa mpira wa kubadilishia maji uwahamishie tanki jingine.

Wa pili: mkia-upanga, au tetra wa Kongo

Hapa maji yako ndiyo yanayoamua. Mkia-upanga (Xiphophorus hellerii) anapenda maji magumu, kwa hiyo anaendana na siklidi wa Amerika ya Kati, tena ni mgumu wa kufa. Anazaa ovyo, na watoto wake huishia kuwa kitoweo cha siklidi. Kama unafuga kribensis, siklidi mdogo wa Afrika Magharibi, kwenye maji laini, chukua tetra wa Kongo. Dume hufika sentimita 8 hivi, na ni wa kundi, asikae peke yake.

Melanotaenia, yaani samaki wa upinde wa mvua, nao ni wazuri sana, ila wanataka tanki refu. Ukiwa nalo, wapandishe hadi nafasi hii bila wasiwasi.

Wa tatu, kwa masharti: Ancistrus

Huyu ni kambare mdogo mwenye mdomo wa kunyonya, na ndiye kila duka litakusukumia, kwa kuwa anakula mwani na hakui kupita kiasi. Usiku mmoja nilimulika tochi ndani ya chungu walimotaga kribensis wangu. Ancistrus alikuwa amebandika mdomo juu ya ukuta, anasogea taratibu kama mtu anayepiga deki, na nyuma yake pamebaki peupe. Jike alikuwa anahangaika pembeni, anang'ata maji. Asubuhi hapakuwa na yai hata moja.

Lakini kwa mbuna, siklidi wa miambani wa Ziwa Malawi, hesabu inabadilika. Mama yao hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo mwizi wa usiku hana cha kuramba. Kwao Ancistrus ningempa hata nafasi ya kwanza. Pleko wa kawaida, ndugu yake Ancistrus anayepita sentimita 30, mwache dukani.

Wa kuwaacha

Koridora. Ni kambare mdogo, mpole, bei yake haiumi, na ndiye anayeonewa kuliko wote. Anakaa chini, palepale penye mayai, na akifukuzwa anajongea hatua mbili kisha anarudi. Wangu alitolewa jicho. Barbi wa milia naye hutafuna mapezi ya wenzake, na neoni, yule tetra mdogo, kwa enjeli mkubwa (naye ni siklidi) ni chakula tu.

Wa kuogopwa hasa ni Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika: madoadoa meusi, macho makubwa, mapezi yenye ukingo mweupe. Anavutia kweli. Siklidi wanaobeba mayai mdomoni wanapotaga, hawa kambare hupita katikati yao, wakala mayai na kuacha ya kwao. Mama anaokota haraka haraka, hachagui. Mayai ya kambare huanguliwa mapema, na vitoto vyake vinakula watoto wa mwenye nyumba humohumo mdomoni. Mama anavumilia njaa siku zote hizo, siku ya kutema anatema kambare. Dukani uliza jina lake kamili, usikubali kuambiwa "ni synodontis tu."

Wageni utakaowachagua wakae kwenye tanki la pembeni wiki 2 hadi 4 uwachunguze kama wana ugonjwa. Waingize kabla jozi haijataga, na siku hiyohiyo hamisha mawe kidogo, wenyeji wapoteze mipaka yao ya zamani. Mayai yakishakuwepo, subiri.