Zana kuukuu za uvuvi: mnada wa mtandaoni au ufuo wa Dunga?

Mkazi wa Kisumu anayetaka zana za uvuvi zilizokwisha kutumika anaweza kushindania bei katika mnada wa mtandaoni, au kushuka hadi Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, akamtafute mvuvi anayeuza zake. Mnadani nimewahi kupata fimbo kutoka Uingereza, ya kuvulia samaki aina ya mbuta, nzima hadi pete ya mwisho ya kupitishia uzi, kwa bei isiyofikia hata nusu ya ile ya dukani. Lakini ni mnada huohuo ulionipatia gurudumu la kukunjia mshipi lililong'aa pichani, ambalo nilipolizungusha lilikwaruza kana kwamba limejaa mchanga, kwa kuwa chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kuzila gololi za ndani; na gharama ya usafirishaji pamoja na ushuru wa forodha, ambavyo bei ya mnada haivionyeshi, sikurudishiwa. Ufuoni bidhaa ni chache, magurudumu hasa, ila mkono hukagua kabla ya pesa kutoka: unauvuta uzi, unahesabu viraka, unapima macho ya wavu. (Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo zimepigwa marufuku nchini Kenya, ninazikataa popote zilipo.) Kwa hiyo nyavu ninanunua Dunga, na mnadani ninatafuta fimbo tu, tena baada ya kumwomba muuzaji picha ya kila pete.